Wasichana Waliosimamisha Kinu cha Cloonabeg

Nyumba ya Maskini,
Cloonabeg, Mayo.
Sikukuu ya Mtakatifu Brigida, 1855.

Dada yangu Sorcha,

Mungu na Maria wawe nawe, na Mtakatifu Patrisi awe wa tatu wao. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Walter, pamoja na huyo mwanenu ambaye kwa hesabu yangu sasa anatambaa na kula mchanga. Mimi huku sina neno. Kile kikohozi ulichokihofia kiliniaga mwaka juzi, na mashavu yamejaa hata ungeniona ungeniuliza nimeficha nini mdomoni. Baridi ya mwaka huu haikuwa kali sana. Viazi havikuoza, na watu wameanza tena kuimba njiani wakitoka gulioni, sauti niliyodhani imekwisha duniani. Makaburi ya Mama na Baba niliyatembelea Siku ya Marehemu Wote. Nimeyapangia mawe meupe kandokando, na mwana-kondoo mmoja mtundu alikuwa amelala juu ya Baba, nikamwacha alale, maana Baba hakuwahi kumfukuza mnyama.

Barua yako ilifika Krismasi. Nilicheka mpaka machozi kwa habari za hao wanyama wa huko wanaoruka kama waliofungwa miguu. Lakini swali lako lilinikalisha kitako. Unasema ulikutana kanisani na mwanamke wa Mayo, akakuambia kwamba wasichana wa Cloonabeg waliwalisha waheshimiwa kokoto, na kwamba aliyewaongoza ana jina kama langu. Ukaniuliza kama ni mimi, na kama ni mimi, mbona nimenyamaza miaka yote hii.

Dada, kumbe habari huvuka bahari upesi kuliko hata meli! Ndiyo, ni sisi. Sikukuambia kwa sababu barua zangu zote za nyuma zilisomwa na Msimamizi kabla ya kufungwa, na huwezi kumsema simba ukiwa bado kinywani mwake. Sasa Msimamizi ni mwingine, na barua hii nitaipeleka posta kwa miguu yangu mwenyewe. Basi keti, mpe mtoto kitu cha kuchezea, nikusimulie.

Wewe uliijua Nyumba hii wakati wa njaa yenyewe, tulipolala watatu kitanda kimoja, asubuhi tukaamka wawili. Mwaka uliofuata baada ya kuondoka kwako, akaja Msimamizi mpya, Bwana Tuohy, na mkewe. Hakuwa mtu wa kupiga watu, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa kubana. Alibana mishumaa, akabana sabuni, na nadhani kama angeweza kuubana mwanga wa jua angeubana. Akaliambia Baraza la Nyumba kwamba ni upuuzi kununua unga uliokwisha sagwa ilhali humu ndani mmejaa mikono inayokaa bure. Tukaletewa kinu.

Ni nguzo nene iliyosimama katikati ya banda, na boriti zimetoka pande zote kama mbavu za mwavuli. Wasichana tulisimama nyuma ya boriti, tukaegemeza vifua, tukasukuma, tukazunguka. Ghorofani mawe mawili makubwa yalisaga yale mahindi ya Marekani, unga ukateremka kwa mfereji wa mbao, ukawa uji, uji ukaliwa na Nyumba nzima, nasi kesho yake tukazunguka tena. Báirbre Coyne alikuwa akisema tumeshatembea mpaka Dublin na kurudi, ila njiani hatukuona hata duka moja.

Huyu Báirbre humjui, aliletwa baada yako. Ni binti wa milimani, mrefu kama mlango, ana kicheko cha kushtua kuku, na wakati ule hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Alilala kitanda cha pili kutoka changu. Nilipopata homa ya mapafu yeye ndiye aliyenishikia kikombe, akawa ananitukana kwa upendo, "Kunywa wewe mbuzi, ukifa nani atasukuma upande wako?"

Mwanzoni tulisukuma alasiri tu. Asubuhi tulikuwa darasani kwa Mwalimu Lavelle, yule mwembamba mwenye miwani, uliyekuwa ukimwita Korongo. Nilianza kuzishika herufi. Si mimi tu, hata wale waliokuwa wakishika kibao juu chini walianza kusoma majina ya mitaa. Lakini Bwana Tuohy aliona kinu kikilala asubuhi, na kitu kilicholala kilimwasha mwilini. Kwanza akatunyang'anya siku mbili za juma, kisha tatu. Wavulana hawakuguswa. Mwalimu Lavelle alipokwenda kulalamika, alirudi uso umemwiva, akatuambia alivyojibiwa: mvulana akijua kusoma atapata kazi, msichana akijua kusoma atapata kiburi.

Halafu likatokea la Báirbre. Alichukuliwa utumishi katika nyumba moja ya watu wakubwa kule Castlebar. Bibi wa nyumba akamwagiza kwa Kiingereza apake viatu rangi nyeusi na ngazi ya mlangoni aipake chokaa. Báirbre akaitikia kwa kichwa, maana kuitikia hakuna lugha. Bibi aliporudi kutoka kanisani pamoja na wageni wake, alikuta ngazi nyeusi tii kama chungu, na viatu vya mumewe, jozi zote, vimepangwa juani vikimeremeta kwa weupe kama maharusi. Jioni hiyo hiyo Báirbre alirudishwa hapa na gari la kubebea viazi. Bwana Tuohy alicheka mpaka akajishika ubavu. Akamwambia mbele yetu sote, "Wewe pahali pako ni nyuma ya boriti, binti. Huko hata punda hahitaji Kiingereza."

Báirbre mwenyewe alitusimulia kisa kile kwa mbwembwe, akiigiza bibi anavyopiga kelele, tukagaagaa kwa kicheko. Lakini kesho yake kinuni nilikuwa ubavuni pake, nikaona machozi yanadondoka juu ya boriti. Nikamuuliza ana nini. Akaniambia, "Nábla, walinirudisha kama yai viza. Nitazunguka hapa mpaka nizikwe hapa."

Juma lile lile shule ya wasichana ilifungwa kabisa. Hatukutangaziwa. Tulikwenda tukakuta darasa letu limejazwa magunia ya mahindi mpaka dirishani, madawati yamerundikwa uani, mvua inayanyeshea. Mwalimu Lavelle akaambiwa Pasaka ikipita afungashe vyake.

Watu husema mambo kama haya hupangwa kwa minong'ono na viapo. Sisi hatukupanga kitu. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, tunazunguka kama kawaida. Upande wa pili wa ua tukawasikia wavulana wanaimba hesabu zao kwa mwalimu wao. Báirbre akasimama. Boriti ya aliyekuwa nyuma yake ikamgonga mgongoni, naye wa nyuma akasimama, na kinu kikaguna, kikasimama. Juu, mawe yakanyamaza. Sijui kama unajua ukimya wa mawe yaliyozoea kusaga. Ni kama nyumba nzima imegeuka kukutazama.

Bi Tuohy alikuja mbio na funguo zake. "Nani kasimamisha?"

Báirbre akamjibu kwa lugha yetu, "Miguu."

"Miguu ya nani?"

"Yetu sote, Bibi. Imeuliza inakwenda wapi, tukakosa jibu."

Wasichana wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichotufunga pamoja, maana baada ya kucheka vile hakuna aliyeweza kujifanya hakuwapo. Bwana Tuohy alipofika, Báirbre alinisukuma mbele kwa sababu mimi nilikuwa na Kiingereza kidogo. Nikamwambia kwamba tutasukuma alasiri kama zamani, lakini asubuhi tunataka darasa letu na Mwalimu wetu. Hakukasirika. Alitabasamu, ndilo lililoniogofya. Akasema, "Sawa. Kinachosagwa na kinu hiki ndicho kinacholiwa na Nyumba hii. Kisiposagwa, hakuna wa kula. Wenzenu watawafundisha adabu kuliko mimi." Akamwamuru bawabu ampeleke Báirbre kwenye chumba cha adhabu, kile kisicho na dirisha karibu na chumba cha maiti. Alikwenda kwa miguu yake, akiinama mlangoni ili asigonge kichwa, akatugeukia akasema, "Angalau huku sisukumi."

Siku ile Nyumba ilikula supu ya tanipu, maji matupu yenye vipande vya kutafuta kwa taa. Na kesho yake vivyo hivyo. Dada, wewe unajua neno njaa lina uzito gani mahali hapa. Si neno la kuchezea. Nilipopita na ndoo ya maji kwenye upande wa kina mama, mmoja wao, Sabina Kyne, aliniegemeza ukutani, mwanawe kiunoni. "Huyu atakula vitabu vyenu, eti? Nijibu! Nilizika wawili barabarani nikija hapa. Wewe unataka herufi, mimi nimzike wa tatu?" Nilikwenda nikaketi nyuma ya chumba cha kufulia nikalia, nikaamua nitawaambia wenzangu turudi kinuni.

Nikiwa njiani nikaitwa dirishani na Bibi Úna, yule kizee wa wodi ya wazee aliyekuwa akikusuka nywele, asiyebakiwa na jino. Wazee wenzake wamekaa nyuma yake kwenye vitanda kama jeshi la bundi. Akasema, "Mwanangu, mimi nimekula majani ya kando ya barabara, nikala magamba ya baharini, na ngozi ya mkanda nimeitafuna nikiwa bado na meno. Supu ya tanipu haitaniua. Tena uji wa Tuohy ulikuwa unanikwama kooni siku zote, ila sikujua kwa nini. Kumbe una jasho lenu." Mzee mwingine akadakia kutoka nyuma, "Mwambie asisukume! Ila wakipata hayo masomo, waje watusomee habari za mauaji gazetini!" Wakacheka kwa vikohozi vyao. Nami nikapata mwanga, si kwa wazee, bali kwa yale maneno ya Sabina yaliyokuwa bado yananichoma. Wazee walikuwa wamechagua. Mtoto wa Sabina hakuchagua.

Nikarudi kwa wasichana, nikawaambia wazo langu. Tukaingia bandani wenyewe, bila kuamriwa. Tukasukuma. Bwana Tuohy aliposikia mawe yananguruma alikuja anasugua mikono, keshashinda. Alisimama mlangoni akitutazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. Sisi tukasaga unga wa kutosha watoto wachanga na wagonjwa wa hospitali, Mwalimu Lavelle amesimama kwenye mfereji akiupima kwa bakuli, na bakuli la mwisho lilipojaa akainua mkono. Tukasimama. Tukafuta mikono. Tukatoka bandani, tukampita pale mlangoni mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia, "Siku njema, Bwana."

Hapo ndipo alipokasirika, na nilimwelewa. Kinu kikisimama kabisa, ni ukaidi wa punda. Lakini kikitembea tunapotaka na kusimama tunapotaka, basi kina wenyewe.

Akawatoa wavulana darasani awalete kusukuma. Laiti ungekuwepo! Waliingia kwa vishindo, vifua mbele, maana walikuwa wametuonea wivu siku zote kwamba tunacheza na mtambo. Wakasukuma kama wanaokimbilia kuzima moto. Mawe yakapaa, mahindi yakapita chini yake mazima mazima, na vipande vya jiwe vikameguka vikaingia humo humo. Walipochoka wakapunguza mwendo, mawe yakakwama. Kisha wakabishana. Sabina Kyne, naam, Sabina yule yule, alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe aliyeshiba, akiwapigia kelele, "Wanaume! Mnasaga au mnatongoza boriti? Festy, mama yako alisema una nguvu, kumbe una mdomo!" Festy, aliyekuwa mkubwa wao, akatupa mikono, akasema yeye ana dada yake miongoni mwa wasichana na hasukumi tena, na kwamba bora arudi kwenye hesabu za kugawanya, ambazo alizichukia kuliko kifo. Wenzake wakamfuata.

Kilichotoka kwenye mfereji siku ile hakikuwa unga. Kilikuwa changarawe ya rangi ya mahindi. Lakini Bwana Tuohy, kwa ubanaji wake, hakuweza kukitupa. Kikapikwa.

Sasa, kesho yake ilikuwa siku ya Baraza, na desturi ya Baraza ni mwenyekiti kuonja uji wa Nyumba kabla ya kikao, ili waandike kwamba maskini wanakula vyema. Mwenyekiti alikuwa Kapteni Wynne, mwenye ndevu za mashavuni. Akachota kijiko kikubwa kwa maringo, akatafuna. Wanasema sauti ilisikika mpaka jikoni. Akatoa kitu mdomoni, akakiweka mezani, wajumbe wote wakainama kukitazama. Ilikuwa kokoto, na pembeni yake kipande cha jino la Kapteni.

Ndipo nilipoitwa.

Chumba kile sikuwahi kukiingia ila kupiga deki. Niliingia kwa soksi, nguo yangu ya mistari imejaa unga, nikasimama mwisho wa meza inayong'aa hata nikajiona humo. Kapteni alikuwa ameshika shavu kwa kitambaa. Kiingereza changu kilikuwa kama kiatu cha kuazima, kila neno lilinibana au lilinivuka. Bwana Tuohy alisema kabla yangu kwamba wasichana hawa wamechochewa, na akamtazama Mwalimu Lavelle aliyekuwa ameketi ukutani. Nikaelewa mtego. Nikisema ndiyo, Mwalimu ataondoka leo badala ya Pasaka.

Kapteni akaniuliza, kwa ukali na kwa uvimbe, "Wewe msichana. Sema kweli. Nani aliyewafundisha ukaidi huu?"

Nikamjibu, "Hakuna aliyetufundisha kitu, Bwana. Ndiyo shida yenyewe."

Haki ya Mungu, dada, sikukusudia kufanya mzaha. Nilikuwa nasema kweli kama nilivyoagizwa. Lakini Padri Geraghty, aliyeketi mezani na Baraza, alipaliwa na chai, na mjumbe mmoja akajifanya ameangusha kalamu akaingia chini ya meza. Ndevu za Kapteni zikaanza kutikisika, akacheka, akajishika jino, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

Kicheko hakijengi nyumba, hata hivyo. Palikuwa na Bwana Mulrooney, mkulima mkubwa, bahili kuliko Tuohy, na yeye hakucheka. Akaniuliza kwa nini yeye mlipa kodi amlipie mjakazi kujua kusoma. Nikamwambia habari za Báirbre na ngazi nyeusi. Nikamwambia kila msichana wa milimani anayetoka hapa bila lugha na bila herufi hurudishwa, na akirudishwa anakula uji wa Bwana Mulrooney mpaka uzee wake. "Lakini mwenye kusoma, Bwana, akitoka harudi. Ukitulisha shule miaka miwili, hutatulisha uji miaka arobaini." Nikaona midomo yake inatembea taratibu, anahesabu. Akawageukia wenzake akasema, "Huyu mtoto hana adabu, lakini kichwa chake ni cha sokoni."

Basi wakaamua. Asubuhi darasa, alasiri kinu, na wavulana washike zamu zao kinuni kama sisi. Magunia yatoke. Mwalimu Lavelle abaki. Báirbre afunguliwe saa hiyo hiyo. Na mimi, ili Msimamizi asionekane ameshindwa kabisa, ninyimwe maziwa juma zima kwa kumjibu mkubwa. Dada, maji ya juma lile yalikuwa matamu kuliko divai ya harusi ya Kana.

Tulikwenda kumtoa Báirbre sote, hata Sabina, hata wazee waliobebwa kwenye viti. Alitoka anafumbafumba macho kwa jua, akauliza, "Nimekufa?" Nikamwambia, "Bado, kwanza njoo ubebe magunia." Akabeba mawili mawili, huku akiimba wimbo wa harusi wa kwao wenye maneno ambayo Padri alijifanya hayasikii. Madawati tukayafuta kwa aproni zetu. Tulipoketi, yeye alikaa mbele kabisa na miguu yake mirefu imetoka hadi kwenye ubao, akamwambia Mwalimu Lavelle, kwa lugha yetu lakini kwa heshima zote, "Haya, Mwalimu. Anza na nyeusi na nyeupe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kinu kimeendelea, nisikudanganye, na mabega yetu yana alama zake. Lakini wasichana wametoka hapa wakiwa na barua za sifa, wengine wapo Westport, wengine Liverpool, na aliyerudishwa tangu siku zile sijamwona. Bwana Tuohy alihamishiwa kwingine miaka miwili baadaye. Aliponiaga alinipa mkono, akasema hajawahi kukutana na mkaidi mwenye salamu nzuri kama mimi. Nami nilimwombea njia njema, na nilimaanisha.

Sasa dada, shusha pumzi, kwa maana nimefika kwenye jambo ambalo limenifanya nichelewe kukuandikia.

Mwalimu Lavelle anaolewa baada ya Pasaka na mwenye duka la vitambaa kule Westport. Baraza lilikaa kutafuta mwalimu mwingine, na Padri Geraghty akataja jina langu, kwa kuwa miaka miwili hii nimekuwa nikimsaidia kufundisha wadogo. Kapteni Wynne akauliza, "Yule wa kokoto?" Padri akasema, "Yule yule." Kapteni akapapasa shavu lake, akasema, "Basi afadhali awe upande wetu." Mkaguzi wa shule alikuja, akanipima kwa kusoma, kuandika na ramani, akanipitisha. Ni mimi, Sorcha. Mdogo wako aliyeingia hapa amefunikwa gunia, ndiye mwalimu wa wasichana wa Cloonabeg. Nina chumba changu chenye mlango unaofungwa kwa ndani.

Kwa hiyo siji.

Nafasi ya meli uliyonipatia kwa jasho lako wewe na shemeji, nimempa Báirbre. Padri amemwandikia wakala, na jina limekwisha badilishwa. Meli yake inaondoka Plymouth mwezi wa nne, na barua hii itamtangulia. Siku itakapofika huko, ukienda bandarini usinitafute mimi miongoni mwa wanaoshuka. Mtafute msichana anayewapita wote kwa kichwa, anayecheka. Sasa anasema Kiingereza kwa lafudhi ya mbuzi wa milimani, lakini anasema, na kuandika anaandika. Hapa hana kaburi la mtu hata moja la kumshika, wote walifia njiani pasipojulikana. Anahitaji pahali pa kuanza, na wewe unahitaji ndugu jikoni mwako. Mpokee kama ambavyo ungenipokea mimi, na akikutukana ujue amekupenda.

Najua utalia. Nami nililia kabla ya kuandika, nikaona nimalize kabisa nisije nikaichafua karatasi. Inawezekana tusionane tena hapa duniani, na hilo silipambi kwa maneno. Lakini nisikilize. Siku ulipoondoka, ulinitazama kutoka nyuma ya gari mpaka kona ya daraja, na ninajua umeibeba sura yangu ile ya langoni miaka yote hii kama jiwe kwenye kiatu. Litoe, dada yangu. Siku ile niliachwa. Leo nimebaki. Hayo ni mambo mawili, na la pili nimelichagua mwenyewe nikiwa nimesimama wima.

Nisalimie shemeji Walter, umwambie namshukuru na anisamehe kwa kumletea mlaji mkubwa kuliko aliyemtarajia. Mbusu mwanao kila shavu kwa niaba ya mama yake mdogo, na akianza kushika kalamu usimcheleweshe. Bibi Úna bado yu hai, anakusalimu, na anasema nywele za huko zisukwe kwa kubana kwa sababu ya upepo. Mungu awalinde katika jua lenu, nasi katika mvua yetu.

Ni mimi nikupendaye daima,
mdogo wako,
Nábla Ní Mháille,
Mwalimu.